Hodi Mbili na Gitaa

Miaka yote niliyokaa redioni, kazi yangu ilikuwa moja tu: kumwomba mtu nisiyemwona asizime redio yake. Mengine yote ni mapambo. Nyie mliobaki pale studio Temeke mmenisumbua niandike ya kazini kabla sijayasahau, nami nimekaa hapa kwangu Kimara, mstaafu wa juzijuzi, mkono bado unatafuta kitufe cha kuzima maiki kila nikitaka kukohoa. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilipita mbali nami na wala hatukusalimiana. Mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza nikiwa binti kutoka Upare, nasema kwa lafudhi ya kwetu, maneno yanatoka yamenyooka kama yamepigwa pasi. Aliyenipokea ni Bi. Mwajuma, mtangazaji wa kipindi cha salamu, mwanamke wa Temeke kindakindaki. Siku ya kwanza akanipa kadi za salamu za wasikilizaji, akanigeuza nikatazama ukuta, akasema, "Soma."

"Shangazi, mbona hakuna maiki?"

"Maiki utaikuta. Kwanza ukuta ukuelewe."

Nikasoma. Fulani wa Yombo anamsalimia mama mkwe, fulani wa Mtoni anawasalimia wote wanaomfahamu, na mmoja simsahau, alikuwa anamsalimia mwenye nyumba wake, ujumbe: subira yavuta heri. Nikacheka. Bi. Mwajuma hakucheka. Akaniambia mtu yule ana shida ya kweli, nimsomee kana kwamba mwenye nyumba amekaa mbele yangu. Nikasoma tena, na ukuta nadhani ulielewa.

Zana zetu mnaziona leo kwenye makabati mnadhani ni urembo. Kaseti ikilegea tuliizungusha kwa kalamu ya risasi. Santuri ikirukaruka tuliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano, na msikilizaji hakujua kwamba wimbo wake wa mapenzi umekaliwa na shilingi. Ilibidi usikilize wimbo mzima mwenyewe kwa vifaa vya masikioni kabla ya kuurusha, maana hukujua ndani kuna nini. Nyie wimbo unawafikia kwenye simu kabla mwimbaji hajamaliza kuuimba, mnautazama urefu wake, mnaurusha. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba sie tulisikilizaga.

Somo kubwa la Bi. Mwajuma lilikuwa la kutambulisha wimbo mgeni. Nilikuwa na tabia ya kuusifu: wimbo motomoto, wimbo mtamu, hujawahi kusikia. Akanishika mkono. "Eliza, ukimsifia mtu mkwe kabla hajamwona, akija kumwona anaanza kutafuta kasoro. Usisifu. Sema mgeni katoka wapi, kaja na nani, na kipi cha kutegea sikio. Basi, nyamaza." Nilibishana naye kidogo, kisha nikaona kweli. Tangu hapo sikusifu tena, hata nyimbo za injili, na wachungaji wawili watatu walininunia.

Halafu mie nina ugonjwa wangu. Nikisikia kitu nisichokijua siwezi kukipita. Marehemu mume wangu alikuwaga anasema siku ya hukumu mie ndiye nitakayeuliza maswali. Ugonjwa huo ndio ulionipeleka kwa Hawa Msasa, na kwa kuwa ndiye mnayeniuliza zaidi, nitakaa kwake.

Ilikuwa karibu na mwisho wa utumishi wangu. Nilikwenda Boko, pembezoni kabisa mwa jiji, kwa seremala mmoja aliyekuwa ananitengenezea kabati la vyombo. Nimesimama pale nanusa mbao, nikasikia mlio mkali unatoka nyuma ya karakana, unakwaruza, unapanda, unakatika, unaanza tena.

Nikamwambia, "Kaka, zima hiyo mashine, itaungua."

"Mama, mashine zote zimezimwa, vijana wanakula. Huyo ni Hawa."

Sasa nielezeni, mtu mzima ningebaki nakagua kabati? Nikazunguka nyuma. Chini ya mabati nikamkuta binti wa miaka ishirini na kitu, kanga kaifunga kiunoni juu ya jinzi, kashika gitaa la umeme. Gitaa limeunganishwa na kipaza sauti cha matangazo, kile kama tarumbeta kinachofungwa juu ya gari kutangaza minada. Kijana mmoja anapiga ngoma ya kwao ya Kizaramo, mwingine ana kile kinanda kidogo cha mchiriku, muziki wa uswahilini, kinacholia kama kifaranga. Na binti akafungua mdomo akaimba. Sauti ya taarabu, wadogo zangu. Taarabu ya kuvuta, ya kuzungusha neno mpaka likome lenyewe. Kisha sauti ikanyamaza na gitaa likanguruma mahali pale ambapo ningetegemea zumari au fidla. Nywele zilinisimama, na sikujua kama ni kwa kupenda au kwa kuogopa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unapiga nini hapa?"

"Kwani mama umeisikiaje?"

"Nimesikia randa imekwama kwenye msumari."

Akacheka kwa nguvu. "Basi umeisikia vizuri."

Nikavuta gogo nikakaa. Nikauliza mpaka seremala akaja kuona kama nimepotea. Hawa alikuwa anasuka nywele saluni hapo Boko, gitaa kafundishwa na mzee mmoja jirani aliyestaafu bendi ya dansi. Rock aliisikia kwenye simu ya mteja, akiwa kashika kichwa cha yule mteja mikononi. Alisema alisimamisha kusuka, akamwomba arudie, na mteja akarudia mpaka akaondoka na kichwa nusu. Jina la Msasa alipewa kwa sababu ya sauti yake, maana ikishuka chini inakwaruza. Nikamuuliza huu muziki wenyewe unaitwaje. Akasema hajui, na kwamba kila mtu anayemuuliza anataka jina kwanza ndipo asikilize.

Nikamwambia mie ni mtangazaji. Nyie mnajua msanii akisikia hivyo anafanyaje: anatoa flashi mfukoni, anakuita mama yangu mzazi, anataja ndoto zake. Huyu aliuliza swali moja.

"Mama, redio yenu inafika Kimbiji?"

"Inafika. Kwa nini Kimbiji?"

Akawa anaifungua na kuifunga kanga yake. Kisha akasema yote. Mama yake, Bi. Zena, ni manju wa mdundiko huko Kimbiji, ndiye anayeongoza kuimba ngoma ikitembea barabarani, na hakuna harusi ya maana upande ule inayopita bila yeye. Alimlea binti yake aje kushika nafasi yake. Binti akarudi siku moja na gitaa la umeme. Mama akalitazama, akasema: nenda nalo huko huko, na ukirudi na hilo dude usije kunipigia hodi. Hawa akaondoka. Hajaingia nyumba ile tangu siku hiyo.

"Simu hapokei?"

"Anapokea. Namwamkia, anaitikia. Kisha ananiuliza kama nimelitupa. Nikinyamaza, anakata."

Kwa hiyo katunga wimbo. Unaitwa "Hodi". Alikatazwa kupiga hodi mlangoni, hakukatazwa kupiga hodi redioni, na mama yake redio haizimi kutwa nzima. Alitaka mama ausikie wimbo mpaka mwisho, mara moja tu, ndipo aamue. Akanirushia rekodi yake kwenye simu, nami nikarudi Kimara bila kukumbuka kuuliza kabati litakamilika lini.

Meneja wa vipindi wakati huo alikuwa Deo, mtoto mzuri, ana adabu, ana kompyuta mbili. Nikamchezea wimbo. Akausikiliza kama mtu anayeonja dawa.

"Mama Eliza, hii ni nini sasa? Taarabu?"

"Imo."

"Singeli?"

"Kwa mbali."

"Hapa katikati ni rock kabisa. Mama, rock Temeke nani anasikiliza?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuirusha, tujue."

Akaniambia ishu ni kwamba hakuna kipindi cha kuuweka. Kipindi cha taarabu watu watalalamika, cha singeli watacheka, na cha jioni ni cha dansi la zamani. Nikamwambia kipindi changu cha Jumamosi mchana hakina jina la muziki, kina jina langu. Akakubali, maana nilikuwa karibu kustaafu na watu wakikaribia kustaafu huachiwaga mambo.

Hawa akawaarifu Kimbiji. Aliwapigia majirani, shangazi, na wanawake wa ngoma ya mama yake, akawaomba siku hiyo redio ziwe wazi. Habari ikaenea kijiji kizima kwamba mtoto wa Bi. Zena atasikika.

Jumamosi ikafika. Nikautambulisha kama nilivyofundishwa. Nikasema mgeni wetu ni binti wa Kimbiji, anakaa Boko, kaja na ngoma ya kwao, kinanda cha uswahilini na gitaa la umeme, nanyi mtege sikio pale sauti inaponyamaza. Nikabonyeza. Ikaanza ngoma, taratibu. Sauti ikaingia: hodi. Ngoma ikatembea. Hodi. Kisha gitaa likanguruma, na papo hapo taa nyekundu ya kuwa hewani ikazimika.

Sauti ya mwanamume, ile tuliyorekodi zamani kwa ajili ya dharura, ikasema: wapenzi wasikilizaji, tunaomba radhi kwa hitilafu za mitambo. Ukafuata muziki wa ala, wa polepole.

Fundi mitambo wetu alikuwa Lukindo. Lazima nimseme vizuri, maana ndiye aliyenifundisha kila kitufe ninachokijua, na mtambo ule wa kurushia matangazo aliupenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Nikatoka mbio mpaka chumba chake. Kasimama, kashika waya, jasho linamtoka.

"Lukindo, umefanya nini?"

"Nimeuokoa mtambo. Kuna kitu kinaungua, umekisikia?"

"Kinachoungua ni mie! Huo ni wimbo!"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. "Eliza, ile ni sauti ya spika inayokata roho. Nimezika spika nyingi."

Ningemlaumu vipi? Mie mwenyewe nilitaka kuzima mashine ya seremala. Na wasikilizaji walikuwa upande wake. Ujumbe uliingia simuni mfululizo: poleni na hitilafu, pigeni kofi hiyo mashine, na jirani yangu mmoja hapa Kimara alikuwa tayari kambebea fundi redio yake, ananidai nauli mpaka leo. Sie watu wa huku tumezoea vitu vibovu kiasi kwamba kitu kikilia kwa namna mpya, cha kwanza tunasema kimeharibika. Deo akaja, akasema kwa upole kwamba tumejaribu, tumeona, inatosha.

Hawa nilimpigia, akapokea kwa sauti ndogo.

"Mama, mmenifungia mlango. Tena kwa sauti ya mwanamume nisiyemjua."

"Mwanangu, ilikuwa bahati mbaya."

"Kimbiji watoto wananiita Hitilafu. Kassimu kaniambia." Kassimu ni binamu yake, ndiye anayempigia ngoma. "Labda mama ana haki. Gitaa nimelifunga kwenye mfuko wa sandarusi, nimelipandisha juu ya makabati ya seremala. Nitakwenda Kimbiji mikono mitupu, nimwambie nimelitupa."

Moyo uliniuma, sitaki kuficha. Tena niliona hasira. Binti alibakiwa na jambo moja tu la kumwambia mama yake, na sie tukalikata katikati na kuomba radhi kwa niaba yake, utadhani alichokuwa anasema ni kosa. Nikamwomba asiende kwanza. Nikaenda mie.

Njia ya Kimbiji mnaijua, gari linatembea kama linasoma kila shimo. Nilimkuta Bi. Zena ukumbini anasuka ukili, mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka. Nikapiga hodi.

Hakuinua kichwa. "Hiyo sauti naijua. Nyie ndio mliokata."

"Ni sie, dada. Nimekuja kuomba radhi."

"Mlishaomba. Karibu ukae." Akanisogezea kiti, akaendelea kusuka. "Nilikuwa na watu hapa, nyumba imejaa. Nasikia ngoma, nasema hizi nyayo nazijua. Nasikia sauti, hodi. Wanawake wakanitazama. Nasikia ya pili, nikanyanyuka nilipokaa. Nikasikia kelele, kisha bwana mmoja ananiomba radhi. Nilisimama pale kama mlingoti. Aibu niliyoipata, mie Zena, siwezi kukuambia."

"Ulinyanyuka kufanya nini, dada?" Swali lilinitoka, ndivyo nilivyo.

Akavuta ukili. "Mtu akipiga hodi unanyanyuka. Nyie kwenu mnafanyaje?"

Kisha akauliza bila kunitazama, "Baada ya pale alikuwa anataka kusema nini?"

Wadogo zangu, hapo nikaona mlango. Mama aliyeapa hataki kusikia alikuwa na swali, na mtu mwenye swali ni msikilizaji tayari. Wimbo nilikuwa nao kwenye simu mkobani. Nikaingiza mkono. Akaniwahi.

"Usinichezee hapa. Alitangaza Kimbiji nzima kuwa atasikika, nikaaibika mbele ya Kimbiji nzima. Kama ni kusikika, asikike pale pale alipokatwa."

"Basi utakubali tukupigie simu, hewani, umuulize mwenyewe?"

"Nitamuuliza. Na nisiporidhika nitasema hewani vilevile, usije ukaninyamazisha."

"Sitakunyamazisha."

Nilisema hivyo, na njiani kurudi nikaanza kuogopa. Kama Bi. Zena angemkana binti yake hewani, mbele ya kila redio iliyo wazi, ni mie ningekuwa nimewakutanisha. Hawa nilimweleza hivyohivyo, sikumpaka sukari. Akaniuliza, "Atauliza kweli, au atafoka?" Nikamwambia sijui. Akasema naye anataka kujua. Akapanda juu ya makabati akalishusha gitaa.

Deo alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mama na binti kubishana hewani, alisema, hiyo watu watasikiliza. Sikumuuliza zaidi. Lukindo ndiye aliyenishangaza. Aliomba Hawa aje mapema na gitaa lake na kile kipaza sauti, akaliunganisha kwenye vipimo vyake, akawa anamwambia: piga, ongeza, acha, piga tena. Akapekua nyuma ya kile kipaza sauti cha minada, akaona utando wa spika ndani umechanwa kwa wembe.

"Nani kaharibu hii?"

"Mimi, babu. Nimechana ili ikwaruze."

Lukindo akakaa chini. Akasema katika maisha yake hajaona mtu anayeharibu kitu kwa uangalifu namna ile. Kisha akachukua karatasi akaandika USIKATE, akaibandika juu ya swichi, akasema anajiandikia mwenyewe.

Sasa sikilizeni namna tulivyofanya, maana hili ndilo la kazi. Sikuurusha wimbo mzima kwanza. Niliupembua kama mchele kwenye ungo: ngoma peke yake, kinanda peke yake, gitaa peke yake, na baada ya kila kipande Bi. Zena aulize. Nilifikiri, badala ya mie kumweleza msikilizaji asiyejua, acha mtu asiyejua aulize kwa sauti, wenzake wote majumbani watajibiwa humo humo.

Hawa kakaa mbele yangu na maiki yake. Simu ikaunganishwa, na mara ile tukasikia mwangwi, sauti ya Bi. Zena inamfuata mwenyewe nyuma.

"Bi. Zena, tafadhali punguza sauti ya redio yako," nikasema, kama nilivyowaambia watu maisha yangu yote.

"Nikipunguza nitamsikiaje mwanangu?"

Hawa akainua kichwa. Nadhani Bi. Zena mwenyewe hakujua kalitumia neno gani. Nikamweleza kwamba atamsikia kwenye simu, akazima redio, mwangwi ukaisha. Nikachezesha ngoma.

"Nani kapiga?"

"Shikamoo mama. Kassimu huyo."

"Marahaba. Anakimbia. Mdundiko hautembei hivyo, wanawake wenye watoto mgongoni wataachwa."

"Nimeuharakisha mwenyewe, mama. Mjini watu wanatembea haraka."

"Mjini ndiko wapi? Boko?"

Lukindo nilimwona nyuma ya kioo anajizuia kucheka. Nikachezesha kinanda.

"Hicho ni cha vigodoro. Nilikukataza kwenda vigodoroni, kwenye ngoma zao za kukesha."

"Sikwenda, mama. Vilikuwa kwa jirani, ukuta kwa ukuta. Nilisikiliza nikiwa nimelala."

"Hmm. Endelea, mtangazaji."

Nikachezesha gitaa, lile lile lililoua kipindi mara ya kwanza. Lukindo alikunja mikono kifuani, akaitazama karatasi yake. Likaisha. Bi. Zena akauliza.

"Na hilo dude? Hilo linasema nini?"

Hawa alitazama meza. "Hilo ni wewe, mama."

"Mie?"

"Ukiwa unaimbisha na wenzako wakakosea kuitikia. Ile sauti yako ya kuwarudisha. Nimeitafuta kwenye zumari, kwenye kinanda, kila mahali. Nimeikuta humu tu. Na humu nayo haikutoka mpaka nilipochana spika."

Kwenye simu nilisikia watu nyuma ya Bi. Zena ukumbini, mtu mmoja akacheka akanyamazishwa. Nikaweka wimbo.

Safari hii ulikwenda wote. Hodi, na ngoma. Hodi, na ngoma. Gitaa likanguruma, na sasa kila mtu aliyekuwa anasikiliza alijua linanguruma kwa sababu gani. Hawa hakuutazama mtambo wala mimi, alifumba macho akasubiri uishe. Ukafifia ukaisha.

"Bi. Zena," nikasema, "tuko nawe."

"Nina swali."

"Uliza, dada."

"Hodi ni tatu. Huyu kapiga mbili. Nilimfundisha mwenyewe, akiwa hajamaliza hata kutambaa: hodi tatu, na ya tatu usipojibiwa unaondoka zako. Ya tatu iko wapi?"

Hawa alijongea kwenye maiki. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka pale inapokwaruza.

"Sikuipiga, mama. Ningeipiga, usingejibu, ningelazimika kuondoka."

Hewani kimya ni kitu kibaya, nyie wenyewe mnajua. Msikilizaji anadhani umekufa, anahama. Deo alikuwa ameshafika mlangoni ananionyesha saa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha wimbo mwingine na sikukibonyeza. Hawa alikuwa analia bila kutoa sauti, machozi yanadondokea gitaa, naye anayafuta haraka kwa kanga. Huko Kimbiji nilisikia kiti kinasogezwa, mtu kanyanyuka.

"Haya, ingia mwanangu," akasema Bi. Zena. "Ila hilo dude livue viatu kwanza."